Mwanafunzi wangu wa Yerevan amekwama kwenye msamiati mgumu wa Kiingereza. Mnaowajua Waarmenia, njooni

#1 Mwalimu wa Usiku

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Kiingereza kwa mtandao nikiwa Arusha. Tangu mwaka jana ninaye dada mmoja wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Ni mhasibu, umri wake ni miaka 30 na kitu, na kwa bidii sijapata mwanafunzi wa kumfikia. Tunakutana saa tatu usiku za kwetu, kwao inakuwa saa nne, mtoto wake akishalala.

Sarufi haimsumbui na anaongea bila kusitasita. Shida inaanza akitoka kwenye maneno ya kila siku. Anahitaji 7 ya kuandika kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na mara mbili zote kapata 6. Insha zake ni "good", "bad", "important", "big problem", mwanzo hadi mwisho. Nimempa orodha za maneno mazito, anazikariri mpaka nashangaa, lakini baada ya wiki mbili siyaoni tena kwenye maandishi yake.

Na akiyatumia ndipo ninapochoka. Wiki iliyopita kaandika "I subscribed the contract". Juzi kasema "I have great sympathy for my new boss", huku anatabasamu. Nikamuuliza, kwani bosi kafiwa? Akabaki ananitazama.

Nimefundisha Wachina na Wabrazili, makosa ya aina hii sikuyaona kwao. Je, ni Kiarmenia chenyewe kinachomvuta? Mimi nakijua neno moja tu, "barev", yaani salamu. Mwenye ujuzi anisaidie. Huyu dada analipa kwa jasho lake na sitaki aanguke mara ya tatu.

#2 Kigoda

Naweka kambi hapa. Mimi Armenia naijua kwa Mkhitaryan mwanasoka tu.

#3 Muuguzi wa Kalifonia

Mwalimu, umefika penyewe. Niko Glendale, jirani na Los Angeles, na mji huu Waarmenia ni wengi mno. Wodini kwetu kuna zamu unasikia Kiarmenia kuliko Kiingereza. Nimefanya nao kazi miaka 9.

Jibu langu ni fupi: Kirusi. Wale waliotoka Yerevan wamepita kwenye shule ambako Kirusi kilikuwa lugha ya pili, na wengi Kiingereza walikisoma kupitia kamusi za Kirusi. Kirusi kina maneno yanayofanana na ya Kiingereza kwa sura, maana zimeachana. "Simpatiya" kwa Kirusi ni kumpenda mtu, kuvutiwa naye. Ndiyo maana dada yako alikuwa anatabasamu! Alimaanisha bosi mpya anampendeza.

Mfanyakazi mwenzangu aliwahi kuniambia duka fulani ni "a good magazine". "Magazin" kwa Kirusi ni duka. Mwingine alisema "this is not actual", akimaanisha jambo limepitwa na wakati. "Artist" kwao ni mwigizaji. Na kuna mama mmoja, mgonjwa, aliyemwambia daktari hataki chakula chenye "preservatives", kisha akaona aibu mwenyewe kabla hatujasema neno, maana kwa Kirusi hilo ni kondomu. Tulimshika mkono, tukamwambia amesema sawasawa kabisa kwa Kiingereza.

Mpe orodha ya maneno hayo pacha ya uongo, utaona tofauti.

#4 Lugha Pacha

Mleta mada, hayo makosa mawili uliyoyaleta ni lulu, usiyatupe. Muuguzi hapo juu ana hoja, lakini "I subscribed the contract" linaelezeka hata bila Kirusi. Kiarmenia chenyewe kinatosha. Nivumilieni, nitaandika kirefu.

Kiarmenia ni tawi la peke yake kwenye ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya. Zamani wataalamu walikiweka kundi moja na Kiajemi kwa sababu kimejaa maneno ya huko, mpaka Hübschmann alipoonyesha mwaka 1875 kwamba maneno yale ni ya mkopo na mifupa ya lugha ni yake yenyewe. Mswahili aliyewahi kuambiwa kwamba lugha yake ni Kiarabu kilichovunjika haitaji maelezo zaidi hapo.

Sasa sikilizeni. Waarmenia walipata alfabeti yao mwaka 405, na kazi ya kwanza ikawa kutafsiri, hasa kutoka Kigiriki na Kisiria. Baadaye likaja kundi la watafsiri wanaoitwa Hunaban, yaani wafuasi wa Kigiriki. Hawa wakikutana na neno la kitaalamu la Kigiriki walilipasua, wakatafsiri kila kipande, kisha wakaviunga upya kwa Kiarmenia. Mtindo huo haujafa mpaka leo. Walatini nao waliwafanyia Wagiriki jambo hilo hilo kwa njia yao, na Kiingereza kikachota kwa Walatini na kwa Wagiriki pia. Kwa hiyo neno refu la Kiingereza na neno refu la Kiarmenia mara nyingi yameshonwa kwa mshono mmoja, vitambaa ndivyo tofauti.

Tazama. "Nakh" ni mbele, "gah" ni kiti cha enzi: nakhagah ni rais. "President" kwa Kilatini ni anayekaa mbele. "Nakhaban", neno la mbele, ni "prologue". "Haka" ni kinyume na "as" ni kusema: hakasutyun ni "contradiction", kusema kinyume. "Mij" ni kati na "azg" ni taifa: mijazgayin ni "international". "Ger" ni juu ya, "bnakan" ni ya asili: gerbnakan ni "supernatural". "Yent" ni chini, na mzizi wa kuweka ni "dir": yentadrel ni "suppose", na nomino yake yentadrutyun ndiyo "hypothesis". Kuweka chini, zote tatu. "Inkna" nafsi, "kens" uhai, "gr" andika, yote katika neno moja: inknakensagrutyun. Hiyo ni "autobiography", kipande kwa kipande.

Sasa rudi kwenye mkataba. "Stor" ni chini, "gr" ni andika. Storagrel ni kuandika chini, yaani kusaini. "Subscribe" ni sub, chini, na scribere, andika. Huyo dada aliliona neno la Kiingereza, akalipasua kama alivyolelewa na lugha yake, akakuta vipande vinalingana. Amefikiri vizuri kuliko wengi wetu. Bahati mbaya Kiingereza cha leo kimelipeleka neno hilo kwingine.

Ufunguo anao mfukoni. Mfundishe kuutumia, na mwonyeshe milango iliyobadilishwa kitasa.

#5 Kigoda

Mkuu Lugha Pacha umetema madini. Kwa hiyo simu kwao wanaiitaje?

#6 Lugha Pacha

Herakhos. "Heru" ni mbali, "khos" ni kusema. Picha ya kamera ni lusankar, mwanga na picha. Kompyuta ni hamakargich, chombo cha kupanga pamoja. Chuo kikuu ni hamalsaran, na ndani yake kuna "lsaran", mahali pa kusikilizia.

#7 Mzee Kobe

Wanangu, nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31, mkoa wa Morogoro na Iringa. Nimewasoma wote. Naona mnamtafutia mgonjwa dawa ya mababu zake wakati ana njaa.

Huyo binti hasomi vya kutosha. Kukariri orodha si kusoma. Mtaalamu Paul Nation alipiga hesabu mwaka 2006, akaona kwamba ili mtu asome gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia, yaani neno pamoja na minyambuliko yake, siyo neno moja moja. Orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000 ina familia 570 tu. Hata akiimeza yote, bado yuko mlangoni.

Neno halikai kichwani kwa kukutana nalo mara moja. Linataka kuonekana hapa, likaonekana pale, katika sentensi tofauti, siku tofauti. Wanafunzi wangu waliofaulu walikuwa wale waliofungia chapati kwa gazeti la zamani halafu wakalisoma kabla ya kulitupa. Mwarmenia, Mhehe, Mluguru, njia ni hiyo hiyo.

#8 Mwalimu wa Usiku

Shukrani Mzee wangu, shikamoo. Shukrani wote.

Mzee, anasoma. Habari za uchumi anasoma kila asubuhi kwenye basi. Ndiyo maana nimechanganyikiwa: maneno anayaelewa akiyaona, akishika kalamu yanamkimbia.

Lugha Pacha, hilo la "subscribe" limenikosesha usingizi. Nilimsahihisha kwa kalamu nyekundu bila hata kumuuliza alilipata wapi.

#9 Mzee Kobe

Marahaba mwanangu. Kama anasoma habari za uchumi peke yake, basi kila siku anakutana na maneno yale yale. Mpe hadithi, mpe barua za wasomaji, mpe mapishi.

#10 Bint Tanga

Habari zenu. Mimi ni mfasiri, napokea kazi za Kiingereza na Kiswahili, na sikubaliani na yeyote mpaka hapa, ingawa bandiko namba 4 nimelihifadhi.

Tatizo la ngazi ya juu ni neno kuandamana na nani. Nilipata kuhariri ripoti iliyoandikwa na Mwarmenia. Kila neno lilikuwa sahihi likisimama peke yake. "Accept a decision". "Strong rain". Nikaenda kumuuliza mwenye kazi, tukaelewana vizuri tu. Akaniambia kwao uamuzi "unapokewa", voroshum endunel, na mvua ni uzhegh, yaani yenye nguvu. Sisi kwetu mvua ni kubwa, na Mswahili anayeanza Kiingereza ataandika "big rain". Mwingereza anasema nzito. Kila lugha imeozesha maneno yake kivyake.

Kwa hiyo "sympathy" au "subscribe" hata ukimweleza historia yake tangu Wagiriki, bila kumpa sentensi nzima atakosea tena. Mwambie asiandike neno moja kwenye daftari lake kamwe. Aandike "reach a decision", "heavy rain", "pose a problem", kama jozi za viatu.

Na jambo la pili, limenigusa kwa sababu ni letu pia. Kiarmenia kina kiambishi -utyun ambacho kinageuza karibu kila kitu kuwa dhana. Kinafanya kazi ya u- yetu: uzito, utu, ukarimu, uhuru. Mswahili anaweka u- mbele anamaliza, Mwarmenia anaweka -utyun nyuma anamaliza. Kiingereza kinakuambia uchague: -ity, -ness, -tion, -ism, -ship, -hood. Ndipo unapoona "seriousity" na "activeness". Hapo nawaonea huruma kwa sababu na mimi nilipigwa viboko kwa "poorness".

#11 Muuguzi wa Kalifonia

Bint Tanga umenikumbusha "strong tea". Hiyo wanaipata sawa, nadhani kwa bahati.

Lugha Pacha, nimekusoma mara mbili. Lakini "sympathy" bado ni Kirusi. Simuachii mtu hilo.

#12 Lugha Pacha

Dada Muuguzi, nilijua utarudi hapo. "Hamakrank". "Ham" ni pamoja, "krel" ni kubeba, kustahimili. Ni "sympathy" kipande kwa kipande, na kwa Kiarmenia maana yake ni kumpenda mtu, kuvutiwa naye. Kinyume chake ni hakakrank, "antipathy". Hahitaji Kirusi kufanya kosa lile. Lugha yake inamtosha.

#13 Muuguzi wa Kalifonia

Na Kirusi nacho kina "simpatiya" na "antipatiya", kwa maana hizo hizo. Sasa utajuaje ni kipi kilimponza?

#14 Mswahili wa Sharjah

Assalaam alaykum wadau. Nachangia na kesi ambayo naona inawatia wote taabu.

Ofisini kwetu tuna Waarmenia wawili, wote wazaliwa wa Beirut. Nyumbani wanaongea Kiarmenia cha Magharibi, ambacho UNESCO wamekiweka kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini. Kirusi hawajui hata neno. Na Kiingereza chao ni cha hali ya juu, barua za kampuni nzima wanaziandika wao. Hayo maneno marefu wanayamwaga bila kufikiri.

Sasa kama Kiarmenia kinamzuia mtu, mbona hawa hakijawazuia? Na kama Kiarmenia ni ufunguo, kama asemavyo Lugha Pacha, mbona nilipomuuliza mmoja wao kuhusu nakhagah na "president" alishangaa? Akaniambia hajawahi kuliangalia hivyo maisha yake yote.

#15 Mkongo wa Kasapa

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi. Hiyo ya Beirut ni rahisi: ni Kifaransa. Watoto wa Beirut wengi wamesoma Kifaransa shuleni, na ukijua Kifaransa nusu ya maneno makubwa ya Kiingereza umeshayalipia. "Président", "contradiction", "hypothèse", "autobiographie". Sisi wa Kongo tunajua. Kiingereza cha sokoni ndicho kinatutesa, kile cha vitabu tunakikuta nyumbani.

Lakini nina langu. Mwalimu, je, huyo dada anayatambua maneno akiyasikia? Kiarmenia kinakaza silabi ya mwisho, kama Kifaransa. Nyinyi wa Kiswahili mnakaza ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinahamahama: FOtograf, foTOgrafi, fotoGRAfik, neno moja mikazo mitatu. Mtu akilijifunza kwa macho tu na kulikazia mwisho kichwani, siku akilisikia redioni anadhani ni neno lingine. Kwa hiyo halikutani na lile alilolikariri. Anakuwa na kamusi mbili kichwani, moja ya macho moja ya masikio, na hazisalimiani. Neno ambalo hujiamini kulitamka hulithubutu hata kuliandika. Mimi ilikuwa hivyo na Kiingereza miaka mingi.

#16 Lugha Pacha

Mkongo umenisaidia kujibu Sharjah. Tena naongeza: hata Yerevan iko hivyo. Mtu wa miaka 60 aliyesoma zama za Kisovieti ana "prezident", "biografiya" na "gipoteza" kutoka Kirusi, tayari zimepikwa. Kijana aliyezaliwa baada ya uhuru wa 1991 anaweza kuwa na Kirusi dhaifu, na hapo amebaki na nakhagah na kensagrutyun. Maneno yanayoeleweka sana kwa ndani, lakini kwa nje hayafanani hata herufi moja na Kiingereza.

Sisi tuko upande wa pili kabisa. Mswahili anaposema baiolojia au saikolojia, Kiingereza kikija analitambua papo hapo, sauti ni ile ile. Ila muulize ndani ya saikolojia kuna nini. Mwarmenia anasema hogebanutyun na anaiona roho, "hogi", imekaa pale mwanzoni. Sisi tumepewa sanduku limefungwa, wao wamepewa vyombo bila sanduku.

Na Sharjah, kutoliangalia neno ni kawaida ya mwenye lugha. Ni Waswahili wangapi wanaokumbuka kwamba rais linatokana na kichwa kwa Kiarabu?

#17 Mswahili wa Sharjah

Hapa Sharjah tunakumbuka kila siku, ra's iko kwenye vibao vya barabara. Ras Al Khaimah iko jirani.

#18 Kigoda

Nimeenda kuangalia hizo herufi zao. Zinafanana na za Ethiopia! Nimesoma mahali kwamba huyo Mashtots aliyetunga herufi 39 za Kiarmenia ndiye aliyewapa na Wahabeshi za kwao. Ni kweli?

#19 Jirani wa Addis

Kigoda, pole pole. Kwanza Mashtots alitunga herufi 36. Mbili, ile ya o na ile ya f, ziliongezwa Zama za Kati. Ya 39 imehesabiwa kuwa herufi baada ya mageuzi ya tahajia ya enzi ya Kisovieti.

Pili, herufi za Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, zenye alama za irabu tayari zimo kwenye maandishi ya mawe ya mfalme Ezana, karne ya 4. Mashtots alikuja mwaka 405. Hawezi kuwapa walichokuwa nacho. Kufanana kupo, baadhi ya herufi ukiziweka pamoja unashtuka, na wasomi wamebishana kama Mashtots ndiye aliyeziona za Kihabeshi. Hapo sijui mwisho wake.

Ila uhusiano wa kweli upo na ni wa juzi tu. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye ndiye Haile Selassie, alikuta Yerusalemu vijana yatima 40 wa Kiarmenia walionusurika mauaji ya halaiki, akawaleta Addis Ababa. Wakaitwa Arba Lijoch, watoto 40, wakawa bendi ya shaba ya kifalme. Kiongozi wao Kevork Nalbandian ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa uliopigwa enzi ya Haile Selassie.

#20 Kigoda

Dah. Hii sikuijua. Asante kwa kunisahihisha.

#21 Bint Tanga

Na pilau wanaiita plav, ya Pasaka inawekwa zabibu na matunda makavu. Mniambie kama huyo si shemeji yetu.

#22 Mswahili wa Sharjah

Pilau ya zabibu Pemba tunaila tangu zamani, shemeji katukuta njiani.

#23 Mwalimu wa Usiku

Wakuu, naleta ripoti. Jana usiku nilifunga vitabu vyote. Nikamwandikia "contradiction" ubaoni, nikalikata: contra, dict, ion. Nikamwambia, nifanyie hivyo hivyo na neno la kwenu. Akaandika hakasutyun kwa herufi zake, akalitazama. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Halafu akaanza kuandika mwenyewe bila kuulizwa: nakhaban, mijazgayin, na mengine ambayo hayamo kwenye bandiko la Lugha Pacha. Artahanel, "export", arta ni nje. Mardasirutyun, mtu na upendo, "philanthropy". Alifika 15. Akaniambia shuleni walimfundisha kulikata neno la Kiarmenia, lakini hakuna aliyemwambia kwamba la Kiingereza nalo linakatika.

Tukafika kwenye aratadzern, mkarimu. Ni mwenye mkono uliojaa. Nikamwambia na sisi tuna mkono wazi, na bahili ni mkono wa birika. Alicheka sana, akaliandika la birika kwenye daftari lake.

Leo asubuhi kanitumia insha. Nimeifungua mikono inatetemeka. Kuna "hypothesis" mahali pake. Kuna "contradictory", sahihi kabisa. Nimefurahi kama mzazi. Halafu aya ya mwisho: "the government must accept a decision about this big problem".

#24 Bint Tanga

Nilisema.

#25 Mzee Kobe

Na mimi nilisema, ila nimefurahi. Hayo maneno 15 yatakaa, kwa sababu kayatoa mwenyewe. Sasa ayaweke kwenye visanduku vya Leitner, kadi tu za karatasi. Analolijua linasogea sanduku la mbele, analolisahau linarudi la kwanza. Njia hiyo ipo tangu 1972 na haihitaji umeme.

#26 Muuguzi wa Kalifonia

Hongera Mwalimu, nimesoma mpaka machozi. Naomba niongeze jambo ambalo hizo nakh na haka hazitaligusa. Hapa wodini kinachowashinda wenzangu ni "put up with", "get over", "come down with". Vipande wanavijua tangu darasa la kwanza, vikikaa pamoja havina maana ya vipande. Mtu aliyezoea kupasua neno na kupata jibu ndani yake, hapo anapasua na kukuta hewa. Mwenzangu mmoja anasema "tolerate" kila mahali, hata kwa mafua, kwa sababu "put up with" haiamini. Kwake Kiingereza cha juu ni rahisi, cha chini ndicho kigumu.

Na kuna upande wa pili. Wao wana "tsavd tanem", niyachukue maumivu yako. Bibi anamwambia mjukuu, muuza mboga anamwambia mteja. Nilipoelezwa maana yake nilisema hii ni ndugu ya pole yetu. Kiingereza hakina. Nimewaona wakiitafuta mbele ya mgonjwa, mdomo uko wazi, neno halipo, wanaishia kusema "sorry" na uso unaonyesha haiwatoshi. Na mimi vivyo hivyo na pole yangu.

#27 Mkongo wa Kasapa

Muuguzi, hiyo nimeiandika ukutani.

Mwalimu, umpe pia kusikiliza. Kila neno jipya alisikie kabla hajaliandika. Usisahau langu.

#28 Mwalimu wa Usiku

Sijasahau ndugu yangu, jana "hypothesis" aliikaza mwisho, nikakukumbuka.

Nimemuuliza kichwani mwake kunasemwa lugha gani. Kanijibu hivi: namba anahesabu kwa Kiarmenia, programu ya uhasibu kazini ni ya Kirusi na ripoti anaziwaza kwa Kirusi, mtoto anamwimbia kwa Kiarmenia. Na insha? Kasema insha za kazi ya nyumbani anaziwaza kwa Kiarmenia, ila kwenye chumba cha mtihani, akiwa na haraka, anadhani Kirusi ndicho kinakuja kwanza.

#29 Muuguzi wa Kalifonia

HAYA SASA.

#30 Lugha Pacha

Anadhani. Naomba umuulize kitu kimoja tu: "sympathy" alikutana nayo mara ya kwanza wapi, kwenye kamusi ya Kirusi au ya Kiarmenia?

#31 Mwalimu wa Usiku

Kesho saa tatu nitamuuliza. Mtihani ni tarehe 14 mwezi ujao.

#32 Kigoda

Kambi iko pale pale, nimeongeza na jiko.